Injini Kuzimika Baada ya Kubadilisha Betri

Gari limepelekwa gereji kubadilishiwa betri tu. Siku hiyo hiyo, kila linaposimama kwenye taa za barabarani injini inatetemeka, na mara nyingine inazimika. Fundi anasema kontroli boksi imeungua, inunuliwe nyingine. Kabla ya kuikubali gharama hiyo, mlaji anapaswa kufahamu kilichotokea.

Katika magari ya kabureta, sailensa, yaani mzunguko wa injini pedali ya mafuta ikiwa haijakanyagwa, ilirekebishwa kwa skrubu. Katika magari mengi ya sasa kazi hiyo ni ya kontroli boksi, ambayo hufungua kidogo kilango cha hewa, yaani throto, ili injini iliyopata moto izunguke takriban mara 600 hadi 800 kwa dakika. Masizi yanapojikusanya kwenye throto, kontroli boksi huongeza uwazi kidogo kidogo na kukitunza kipimo hicho katika kumbukumbu yake. Betri ikifunguliwa, mara nyingi kumbukumbu hufutika. Throto hurudia kipimo cha kiwandani ilhali masizi yangali palepale, na injini hukosa hewa. Kinyume chake, throto ikisafishwa huku kumbukumbu ya zamani ikibaki, sailensa hupanda kupita kiasi. Katika hali zote mbili yawezekana hakuna kifaa chochote kilichoharibika.

Magari mengi hujifunza upya yenyewe. Injini iwashwe na kuachwa ipate moto, gia ikiwa P au N, AC na taa zikiwa zimezimwa, pedali isiguswe kwa dakika kadhaa. Kisha AC iwashwe na injini iachwe tena. Baada ya hapo gari liendeshwe taratibu na kusimamishwa mara kwa mara, mahali pasipo na msongamano, kwa kuwa injini ikizimika barabarani usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Kazi hii ifanyike nje: moshi wa ekzosi ndani ya banda lililofungwa unaua.

Baadhi ya magari, yakiwemo mengi ya Nissan, huhitaji kufundishwa kwa utaratibu maalumu. Throto hufundishwa mahali pake pa kufunga kwa kuweka ufunguo kwenye ON na kuurudisha OFF kwa sekunde zisizopungua 10. Kiasi cha hewa hufundishwa kwa mashine ya kupimia gari, injini ikiwa na joto la nyuzi 70 hadi 100 na betri ikiwa na zaidi ya volti 12.9. Betri dhaifu ikitumika, zoezi hushindikana, na hapo ndipo kontroli boksi husingiziwa. Fundi anayezungusha skrubu ya throto ya umeme haponyi tatizo, bali anaharibu kipimo cha kiwandani.

Sailensa isipotulia baada ya hatua hizo, au taa ya injini ikiendelea kuwaka, huenda ipo hitilafu ya kweli, kama vile mpira wa hewa uliopasuka au plagi zilizochoka. Hata hivyo, kabla ya kulipia kifaa kipya, mlaji aombe kuonyeshwa msimbo uliosomwa na mashine na aulize kama throto imefundishwa upya. Kikibadilishwa, adai kifaa cha zamani pamoja na risiti inayotenganisha bei ya kifaa na ya ufundi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na lalamiko lenye risiti hushughulikiwa kwa urahisi zaidi kuliko la maneno matupu.