Remba Inaposubiri Agosti

Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, mtu wa kwetu akisikia kwamba huko Marekani kuna watu wanaosubiri majira ya kuchipua ili wakawinde bata mzinga wa porini, hucheka kidogo. Ati wanasafisha bunduki wiki kadhaa mapema, wanakata leseni, wanajifunza kuigiza mlio wa jike ili dume lijitokeze vichakani, kisha wanahesabu siku. Mvuvi wa kisiwa cha Remba hawezi kuwacheka. Naye anahesabu siku, na tarehe yake ni 1 Agosti.

Kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai kila mwaka, sheria ya Kenya inafunga uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria ili samaki huyo mdogo, ambaye Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene, apate kuzaa na kukua. Miezi minne hiyo mbuta na ngege wanaendelea kuvuliwa, kwa hiyo Remba haisinzii. Kisiwa chenyewe ni jiwe lililofunikwa kwa mabati. Kiko upande wa Suba, Kaunti ya Homa Bay, jirani na Ringiti. Kusini zaidi, kwenye maji ya Migori, kuna Migingo, ule mwamba ambao Kenya na Uganda zimeugombania kwa miaka mingi. Nyumba za Remba zimebanana hadi mtu akikohoa jirani humpa pole, na Wajaluo, Wasuba, Waganda na Watanzania huelewana kwa Kiswahili ambacho hakuna mwalimu angekipa alama nzuri lakini kinauza samaki.

Mgeni akishuka kisiwani mwezi Julai ataona maandalizi ya mbao na nyuzi. Maandalizi makubwa zaidi hatayaona, maana ni ya madeni.

Tuanze na yanayoonekana. Boti ya omena imekaa juani wiki nyingi, mbao zimekauka na kuachana. Fundi hushindilia pamba kwenye nyufa, kisha juu yake hupigilia vipande vya bati kwa misumari midogo, akienda polepole kama mtu anayeshona kanzu. Boti hizi asili yake ni visiwa vya Ssese upande wa Uganda, na umbo lake refu lenye pua iliyochongoka halijabadilika sana ingawa makasia mengi yameipisha injini. Wakati fundi anagonga, vijana wamekaa chini ya kivuli cha turubai, nyavu zimetandazwa mapajani, sindano ya mbao inaingia na kutoka. Nyavu za omena ni kazi ya macho. Sheria inataka matundu yasipungue milimita 10, na wavu wenye matundu madogo zaidi unaweza kuishia kwenye moto wa maofisa. Hata hivyo wapo wanaojaribu. Siku ya ukaguzi nyavu zao husemekana zimekwenda kwa shangazi bara.

Halafu taa. Omena huvuliwa usiku wa giza. Taa huwekwa juu ya vielea vidogo na kuachwa majini, samaki hukusanyika chini ya mwanga, kisha boti hurudi kimya na kuzungusha wavu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye mvumo unaosikika mbali usiku, na kila senti iliyopanda kwenye bei ya mafuta ilikatwa kwenye mfuko wa mvuvi. Siku hizi taa za betri na sola zimeenea. Wazee wanalalamika kwamba mwanga wake ni mweupe mno na samaki hawaupendi. Sijaona samaki aliyetoa ushahidi, lakini nimeona kwamba wazee hao hao wananunua sola.

Makaratasi nayo yana siku yake. Tangu kanuni za mwaka 2007, kila ufuo husimamiwa na kamati ya wavuvi inayojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, BMU (Beach Management Unit). Kamati huandikisha boti, huweka majina ya wavuvi, husuluhisha ugomvi, na katika miezi ya kufungwa inatarajiwa kuwafichua wanaotoka kwa wizi. Hapo pana ugumu usiosemwa mikutanoni. Mjumbe wa kamati ni shemeji wa mwenye boti, ama amekopeshwa naye, ama boti ni yake mwenyewe. Askari wa ulinzi wa pwani, kikosi kilichoanza kazi mwaka 2018, hawana undugu huo, ndiyo maana wanaogopwa zaidi.

Sasa kwenye madeni. Mwenye boti hana pesa ya pamba, misumari, uzi, petroli na chakula cha wavuvi, vyote kwa pamoja, mwezi Julai. Miezi minne imemkausha. Wanaomkopesha ni wanawake wanaonunua na kuanika omena. Mama mmoja anatoa pesa ya nyuzi, mwingine petroli, wa tatu analisha wavuvi wiki nzima. Hakuna hati inayoandikwa. Utamsikia mama akimwambia mwenye boti mbele ya watu, kwa sauti ya mzaha ambayo si mzaha: "Jaduong', mzee wangu, mimi ni karai la kwanza, usije ukanisahau." Naye atajibu, "Nitakusahauje, mama?" Watu wamesikia. Mkataba umefungwa, na mashahidi ni wale wanaofuma nyavu huku wakijifanya hawasikilizi.

Zamu ya karai ndiyo mali yenyewe. Asubuhi ya kwanza omena ni wachache na wateja wa bara wana njaa ya miezi minne, kwa hiyo atakayejaza karai mapema atauza kwa bei nzuri. Baada ya siku chache ufuo wote utakuwa umetandazwa samaki wanaometa, na bei itashuka. Mama aliyekopesha Julai hanunui samaki tu. Ananunua nafasi ya kutangulia.

Desturi hii ina upande mchafu ambao mtu akiandika kuhusu ziwa hili bila kuutaja atakuwa amedanganya. Mwanamke asiye na pesa ya kukopesha huombwa kitu kingine. Uhusiano huo wa ngono kwa samaki, unaoitwa jaboya, umeenea kwenye fuo nyingi za ziwa, na umechangia kuifanya Homa Bay kuwa miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na virusi vya ukimwi. Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, waliamua kumiliki boti zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili na kuajiri wanaume wavulie humo. Kwa miaka kadhaa mpango uliwapa nguvu ya kukataa, hadi ziwa lilipofurika mwaka 2020 na kuharibu sehemu kubwa ya walichojenga. Naona fundisho lao liko hapa: aliyetoa mtaji kabla ya msimu ndiye anayetoa masharti msimu ukianza. Wanaohubiri maadili mwezi Septemba wamechelewa, walipaswa kufika Julai na mkopo.

Watu wa Gwassi wana hadithi inayoujua ukweli huu tangu kale. Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi maskini wa Nyandiwa, bara inayotazamana na visiwa hivi. Siku moja wavu wake ulileta kikongwe badala ya samaki. Akamchukua nyumbani, na kikongwe akamletea ng'ombe wasiohesabika. Nyamgondho akatajirika, akaoa wake wengi, akawa mlevi, na usiku mmoja akamtukana yule bibi. Bibi akainuka, akarudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata. Nyamgondho alisimama ufuoni akiegemea fimbo yake, akiwatazama wakizama, hadi akageuka mti. Nyandiwa bado wanaonyesha alama kwenye mawe wakisema ni kwato za ng'ombe hao. Kwa kawaida hadithi husimuliwa kama onyo kuhusu pombe na majivuno. Mimi huisikia kama habari ya mwenye boti aliyesahau nani alimpa mtaji.

Zikibaki siku chache, wavuvi huanza kurudi. Wengine walikwenda kulima kwao Suba, Nyatike ama Siaya, wengine walikuwa kwenye boti za mbuta. Kila boti ya omena inahitaji watu wanne hivi, na mwenye boti huwatafuta kwa makini kuliko anavyotafuta nyavu, kwa sababu mvuvi mlevi anaweza kuzamisha vyote. Kijana mzuri hugombaniwa, hupewa pesa kidogo ya kumshika, naye akiipokea amejifunga. Kwa hiyo mvuvi anadaiwa na mwenye boti, mwenye boti anadaiwa na kina mama, na kina mama wanadaiwa na vikundi vyao vya akiba. Wengine humwita mchungaji aiombee boti mchana, na inasemekana wachache huenda pia kwa mganga usiku. Hakuna anayeona sababu ya kuchagua.

Mpaka hapo yote yako tayari, isipokuwa mwezi. Serikali hufungua ziwa kwa kalenda, lakini omena huja kwenye taa pale tu ambapo anga haina taa yake. Mwaka 2023 usiku wa 1 Agosti mwezi ulikuwa mpevu kabisa, na ruhusa ya serikali haikuwa na faida kubwa kwa mtu mwenye karabai. Mwaka 2024 mambo yalikuwa kinyume, mwezi ulikuwa unaandama 4 Agosti, giza na ruhusa vikafika pamoja. Ndiyo maana mvuvi anayejua kazi yake hutazama angani tangu Juni kabla ya kuahidi tarehe ya kulipa. Ahadi ya "wiki ya kwanza ya Agosti" inaweza kuwa ahadi ya pesa, ama ya mwangaza wa bure.

Boti zikirudi alfajiri ya kwanza, hesabu hufanyika papo hapo, miguu ikiwa bado majini. Petroli hutolewa kwanza, kisha chakula, kisha fungu la boti na la nyavu, halafu karai za waliokopesha kwa zamu iliyotajwa hadharani Julai. Kinachobaki hugawanywa kwa wavuvi, baada ya kukatwa zile pesa za kuwashika. Wengi hawapati kitu usiku wa kwanza, wala wa pili. Aliyemaliza deni lake kabla ya mbalamwezi kurudi anaweza kuhamia boti nyingine ambayo mwenyewe ana mkono wazi. Aliyebaki nalo atakaa hapo hapo, afume nyavu siku za mwezi, na asubiri giza lingine.