Ugonjwa wa Sukari na Macho Yako, Mama

Mama, mtu wa sukari akipofuka, watu wa mtaani wanasema nini? Wengine wanasema ni ulozi. Wengine wanasema ni yule inzi mdogo mweusi wa mtoni. Ni kweli, inzi yule analeta upofu wa mto, na dawa ya Mectizan inasaidia kuuzuia. Lakini Mectizan haizuii upofu wa sukari. Huo ni ugonjwa mwingine, na njia yake ni nyingine.

Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea picha. Unalishwa na mishipa ya damu midogo sana. Sukari ikizidi katika damu mwaka baada ya mwaka, mishipa ile inavuja, mingine inaziba. Halafu jicho linaotesha mishipa mipya, lakini mibovu, inayopasuka na kumwaga damu ndani. Ubaya wake ni huu: mwanzoni hakuna maumivu, na unaona vizuri tu. Siku unapoona vidoa vyeusi vikielea, au kama pazia mbele ya macho, ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Sasa jambo ambalo wamama wengi hawalijui: jicho haliugui peke yake. Damu inayopita machoni ndiyo ile ile ya moyo, mafigo na miguu. Mishipa iliyolegezwa na sukari, ukiisukuma tena kwa tansio kubwa, itapasuka upesi. Mwaka 1998 waganga wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wa miaka mingi juu ya watu wenye sukari na tansio pamoja. Kwa wale walioshushwa tansio vizuri zaidi, hatari ya ugonjwa wa macho kuendelea ilipungua karibu theluthi moja. Dawa ya tansio, mama, ililinda macho! Kwa hiyo usikasirike munganga akikupima mkono na mkojo wakati wewe umekuja kwa ajili ya jicho. Mafigo yakianza kuharibika, mara nyingi macho nayo yameguswa. Tumbaku na mafuta mengi katika damu vinaongeza hatari.

Hatukukatazi lituma. Punguza tonge, ongeza pondu na samaki, na mawese yasielee juu ya mchuzi. Chai ya sukari nyingi na sukre ya chupa, hizo uache kabisa. Wewe unayekwenda shamba kwa miguu, umekwisha kufanya mazoezi. Wewe unayekaa kutwa sokoni, acha toleka siku nyingine, urudi kwa miguu.

Kama ulikuwa na sukari kabla ya mimba, uonyeshe macho miezi ya kwanza, na tena baadaye, maana mimba inaweza kuharakisha ugonjwa huu. Kama sukari ilikuja na mimba tu, kwa kawaida inaondoka ukizaa, lakini inaweza kurudi baada ya miaka. Upime damu wiki 6 hadi 12 baada ya kuzaa, na usiache kupima miaka inayofuata.

Wengi wanakuja wakisema: «Munganga, macho yangu iko na ukungu, unipatie miwani.» Ngoja kwanza! Sukari ikipanda na kushuka, jicho linabadilika nayo, na miwani ya leo haitakufaa mwezi ujao. Sukari itulie kwanza. Wala usitie maji ya majani wala mkojo machoni, vinaleta vidonda. Mishipa ikiharibika, kuna matibabu ya mwali wa leza. Yanalinda macho yaliyobaki. Yaliyopotea hayarudi kwa urahisi.

Basi uonyeshe macho kila mwaka, hata kama unaona vizuri. Watakutia dawa ya matone ya kufungua mboni, na kwa saa chache utaona ukungu, jua litakuumiza. Uje na kofia au kitambaa, na mtu wa kukushika mkono, zaidi kama unavuka kwa mtumbwi kurudi Lubunga.