Jumuiya Ilijua Nani Analala Wapi

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipowafukuza watu kando ya Mto Mathare, makanisa mengi yalifungua milango. Wageni waliotutembelea wakasifu huruma iliyowashukia watu wa Eastlands, Nairobi, ghafla. Sifa hiyo inatupunja. Huruma ya ghafla haichemshi uji wa watu waliolowa usiku kucha. Desturi ndiyo huuchemsha.

Tangu maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele miaka ya 1970, majirani wa mtaa mmoja hukutana kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Injili ikishasomwa, huulizana: nani hajaonekana? Nani amejifungua? Nani amefungiwa nyumba na landilodi? Kwa hiyo mvua ilipokwisha kunyesha, mwenyekiti wa jumuiya hakuhitaji takwimu za mtu. Alijua Mama Fulani amehamia chumba cha chini karibu na mto, na kwamba ana mapacha.

Kupokea nako kuna adabu zake. Chai hutangulia maswali. Nguo za kutoa hufuliwa na kukunjwa kwanza. Mama mwenye mtoto mchanga hupewa leso na pembe iliyo mbali na mlango. Dhehebu haliulizwi, ila mgeni akijitambulisha kuwa Mwislamu huambiwa mapema nyama imetoka bucha gani. Sufuria ni zilezile kubwa za matanga, na wapishi ni walewale: kina mama wa CWA wa Kikatoliki, Woman's Guild wa PCEA (Presbiteri), Mothers' Union wa Anglikana.

Mvua hiyo iliua karibu watu 300 nchini Kenya. Serikali ikaamuru kando za mito zihamwe, matingatinga yakaingia Mathare. Shule zilipofunguliwa Mei 13, waliokuwa wamejihifadhi madarasani walilazimika kutafuta pengine pa kulala, na wengi walipokewa na watu ambao tayari wanalala sita chumba kimoja.

Sasa jumuiya nyingi zimebaki kundi la WhatsApp. Mchango hutumwa kwa M-Pesa, mtumaji hatoki kitandani, na ghorofa mpya za Umoja na Kayole zina mageti ambayo jirani hapiti bila kupigiwa simu. Pesa zinafika, nakubali. Lakini simu haimwoni mgonjwa aliyeona haya kuomba.

Wewe uliyeacha kwenda jumuiya: zamu ya nyumba yako ikifika, usiitume kwa simu. Fungua mlango, uazime viti.