Injekta kubwa peke yake haziongezi nguvu ya moteri

Madereva wengine wanaamini kwamba kuweka injekta kubwa kunatosha kuipa gari nguvu. Si hivyo. Kilo 1 ya esansi inahitaji karibu kilo 14,7 za hewa ili iungue vizuri. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1 500 juu ya bahari, na hewa huko ni haba: moteri isiyo na turbo inahitaji mafuta kidogo, si mengi. Kompyuta ya gari isipopangwa upya, esansi inazidi. Moshi unakuwa mweusi, buji zinachafuka, na esansi inaosha mafuta ya kulainisha kwenye silinda hadi zinalika. Injekta kubwa zinafaa pale turbo inapoongeza hewa. Kabla ya kununua, fundi asafishe kwanza zile za zamani: huenda zimeziba tu.