Mtoto Akishtuka Usiku: Familia Moja ya Lobule Mlangoni pa Kituo cha Afya

MTANGAZAJI: Leo kipindi cha afya kinaeleza mambo yanavyokwenda unapofika kituoni na mtoto aliyezidiwa. Foleni ya asubuhi tunaijua sote. Ya dharura wengi hatuijui, ndiyo maana wengine wanaogopa kwenda usiku.

Familia moja ya Lobule, wakimbizi kutoka Kongo, imekubali tuwasimulie yaliyoipata, ila majina tusitaje. Mtoto wao wa miaka mitatu alikuwa na homa siku mbili. Siku ya kwanza walimpa panadoli, joto likashuka, wakatulia. Siku ya pili akatapika uji, akatapika hata maji, na kama saa tatu usiku akaanza kushtuka mwili mzima, macho yamegeuka. Jirani mmoja alileta kijiko wamtie kati ya meno. Mwingine akasema degedege si ugonjwa wa hospitali, wakimchoma sindano atakufa. Maneno haya ya sindano ni ya zamani huku kwetu. Nyanya wa mtoto akakataa yote mawili. Akamlaza kwa ubavu, akamfungua nguo, akaagiza bodaboda.

Nyanya alifanya vizuri. Kijiko huvunja meno, na maji au dawa ya kumwagia mdomoni wakati huo huweza kuingia kwenye mapafu. Na sindano siyo inayoua: mara nyingi aliyekufa baada ya kuchomwa alikuwa amefikishwa malaria ikiwa imeshamlemea.

Kituoni walikuta watu kwenye benchi. Muuguzi hakuwaambia wakae. Aliuliza maneno manne: Mtoto anaweza kunywa? Anatapika kila kitu? Ameshtuka? Mkimwita anaamka? Aliuliza kwa Kikakwa, na baba, ambaye ni Mkakwa wa upande wa Kongo, akamtafsiria mama, anayejua Kiswahili tu. Mama anasema hapo ndipo moyo ulipotulia, alipoona anaulizwa na anasikilizwa.

Maswali hayo manne yakumbukeni hata nyumbani. Jibu baya kwa mojawapo ni dalili ya hatari, na mtoto huyo hangoji asubuhi.

Basi akaingizwa ndani mara moja. Mtu mmoja mwenye kidole kilichokatika alilalamika kwamba yeye alifika mwanzo. Malalamiko haya tunayasikia sana, tena watu husema wauguzi wanapendelea. Lakini kwenye dharura hatazamwi aliyefika kwanza, anatazamwa anayeweza kufa kwanza. Wako wa kuhudumiwa dakika hiyo hiyo, kama mtoto anayeshtuka au asiyepumua vizuri. Wako wasiopaswa kukaa sana. Na wako wanaoweza kungoja, hata kama wana maumivu. Yule mwenye kidole alishonwa baadaye.

Ndani walimpima uzito, kwa sababu dawa hutolewa kwa kilo. Wakamtoboa kidole: tone moja la malaria, ambalo kipimo chake huchukua kama dakika 15 mpaka 20, na jingine la sukari, maana malaria kali huishusha sukari na hiyo peke yake inaweza kuleta degedege. Ilikuwa malaria. Akachomwa artesuneti, sindano ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Damu haikuwa imepungua sana. Ingepungua, angehitaji kuongezwa damu, na kwa hilo hupelekwa Hospitali ya Koboko. Wakishindwa huko, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua. Ukiandikiwa rufaa, usione umefukuzwa. Ishike karatasi hiyo, ndiyo inayomweleza daktari wa mbele dawa gani zimeshatolewa.

Baba njia nzima alikuwa anahesabu pesa. Hakudaiwa kitu ila nauli ya bodaboda. Vituo vya serikali ya Uganda viliondoa malipo mwaka 2001, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya huduma za afya. Dawa huisha wakati mwingine, hilo hatulifichi, na hapo ndipo watu huandikiwa kununua. Lakini kubaki nyumbani usiku kwa kuogopa bili ambayo haipo ni hatari kubwa. Bebeni karatasi ya familia na kitabu cha kliniki cha mtoto. Vikikosekana kwa haraka, nendeni tu.

Mtoto aliruhusiwa akiwa ameanza kula, na vidonge vya siku tatu, asubuhi na jioni, baada ya chakula. Siku ya pili alikuwa anacheza mpira, na shangazi akashauri vilivyobaki vitunziwe kaka yake. Mama akakataa, akavimaliza vyote. Kaka naye alipopata joto wiki iliyofuata, walimpeleka siku ile ile kwa VHT wa kijiji, akapimwa hapo hapo chini ya mwembe.