Je, Wajua? Orodha ya Mifumo Iliyopachikwa Haihifadhiwi Kwenye Diski

Katika kompyuta zinazotumia Linux, mfumo wa mafaili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili ndani ya diski au flashi, haupewi herufi kama C au D, bali hupachikwa kwenye saraka fulani na kuonekana kuwa tawi la mti mmoja. Zamani amri ya mount iliandika habari za upachikaji huo katika faili la kawaida, /etc/mtab, ambalo liliweza kupitwa na hali halisi, hasa diski kuu ilipokuwa haiandikiki. Siku hizi, katika mifumo mingi, jina hilo ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye /proc/self/mounts, orodha ambayo keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huitunga papo hapo kila inaposomwa. Orodha hiyo huchosha macho, kwa kuwa huchanganya diski halisi na mifumo isiyo na diski yoyote, kama proc na tmpfs. Ili kuisoma kwa urahisi, amri ya findmnt inafaa zaidi: ikiandikwa peke yake huchora mti mzima, findmnt -t ext4 huonyesha mifumo ya aina moja tu, yaani ext4, na findmnt -T, ikifuatwa na njia ya faili lolote, hutaja mfumo unaolihifadhi faili hilo.