Hita Isiyo na Tangi: Maji ya Moto kwa Nyumba ya Zamu

Jiji la Kampala limejengwa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake huwa na baridi ya kumfanya mtu mzima asite mlangoni mwa bafu. Askari anayeingia zamu saa kumi na mbili hana budi kuoga saa kumi na moja. Mwenzake aliyekesha lindoni hurudi nyumbani saa mbili, amechoka na amejaa vumbi. Katikati ya nyakati hizo watoto hujitayarisha kwenda shule, na jioni mama mwenye mtoto mchanga huhitaji maji yake. Hivyo nyumba moja yaweza kutaka maji ya moto mara nne kwa siku, na mara nyingi kwa mtu mmoja tu.

Haja hiyo imetimizwa kwa miaka mingi na sigiri na sufuria. Mama wa nyumbani huamka wa kwanza, huwasha makaa, hungoja maji yachemke, kisha huyachanganya na ya baridi katika beseni. Kazi hiyo hula makaa na usingizi, na sufuria ya maji yanayochemka ni hatari kwa watoto wanaocheza karibu. Wenye uwezo zaidi wameweka tangi la umeme juu ya dari. Siku hizi maduka ya vifaa vya umeme mjini yanauza pia chombo cha tatu, nacho ni hita isiyo na tangi, ambayo wengi huijua kwa umbo la shawa ya umeme. Jamaa wengi wanajiuliza kama yafaa kuhamia kwake.

CHOMBO KIKONGWE KULIKO TANGI

Si kitu kigeni kama kinavyodhaniwa. Mwaka 1868 Mwingereza Benjamin Waddy Maughan alitengeneza chombo cha gesi kilichopasha maji yakiwa yanapita kuelekea bafuni. Alikipa jina la chemchemi za moto za Iceland, ambazo Mganda aweza kuzifananisha na zile za Sempaya katika wilaya ya Bundibugyo. Hita ya tangi inayojiwasha na kujizima yenyewe ilikuja baadaye, katika mwaka 1889, kwa kazi ya Edwin Ruud, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani. Chombo cha Maughan kilikuwa na kasoro kubwa, kwani hakikuwa na bomba la kutolea moshi. Fundisho hilo lingali na maana leo: hita ya gesi haifai kabisa kufungwa ndani ya bafu dogo lisilopitisha hewa, maana gesi inapoungua vibaya hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Hita ya umeme haina moshi. Ndani yake mna waya wa kupashia joto. Bomba likifunguliwa, nguvu ya maji husukuma swichi, waya huwaka, na maji hutoka yakiwa ya moto. Bomba likifungwa, umeme hukatika. Hakuna maji yanayowekwa akiba, wala hakuna yanayopoa bure.

HESABU YA YUNITI

Wauzaji hupenda kusema kwamba hita hii hupunguza gharama, lakini maneno hayo yahitaji kupimwa. Kupasha lita moja ya maji huhitaji nguvu ile ile, iwe ndani ya tangi au ndani ya shawa. Akiba hupatikana kwa njia moja tu, yaani kupasha maji yatakayotumika na kuacha yasiyotumika.

Tuchukue mfano. Maji ya bomba yana joto la nyuzi 22, na mtu ataka kuoga kwa nyuzi 40. Hita ya wati 5,000 yaweza kumpa lita 4 hivi kwa dakika. Akioga dakika 6 atatumia lita 24 na nusu yuniti ya umeme. Tangi la lita 50, likipashwa kutoka nyuzi 22 hadi 60, hutumia yuniti 2 na zaidi kidogo kabla mtu hajagusa bomba. Ikiwa watu wanne au watano wataoga mfululizo asubuhi, tangi halina hasara kubwa, kwa kuwa maji yake yote yatatumika. Lakini ikiwa mmoja ataoga saa kumi na moja na mwingine saa mbili, na wa tatu jioni, joto lililobaki hupotea polepole, nalo tangi hurudia kujipasha. Kwa sababu hiyo hita isiyo na tangi huifaa zaidi nyumba ya zamu, ambayo ndiyo nyumba ya askari.

Hali ya hewa nayo husaidia. Maji ya London wakati wa kipupwe huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na kuyapasha kwa kiasi kile kile huhitaji hita yenye nguvu karibu maradufu. Maji ya Kampala, yanayovutwa kutoka Ziwa Viktoria huko Gaba na Katosi, huanza safari yakiwa na uvuguvugu.

Hata hivyo, nusu yuniti si kitu cha kudharau. Watu wanne wakioga mara moja kila siku kwa muda wa dakika 6, hesabu ya siku 30 ni yuniti 60. Nyumba yenye mita ya Yaka, iliyozoea kuwasha taa na redio tu, itaona yuniti zake zikiyeyuka upesi. Atakayeoga kwa dakika 15 ataongeza gharama mara mbili na nusu.

WAYA KWANZA, HITA BAADAYE

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote. Hita ya wati 5,000 katika umeme wa volti 240 huvuta ampia 21 hivi. Soketi ya kawaida ya ukutani imewekewa mpaka wa ampia 13. Mtu anayeiunganisha hita kwenye soketi, au kwenye waya mwembamba wa taa ya bafuni, huufanya waya huo uwe sigiri ndani ya ukuta. Ganda lake huyeyuka, na moto huweza kuzuka watu wakiwa wamelala.

Hita hutaka waya wake wa peke yake kutoka kwenye boksi kuu, usiopungua unene wa milimita mraba 4, au 6 kama njia ni ndefu, pamoja na swichi yake ya kujikata kwa kadiri ya maelekezo ya kiwanda. Tena hutaka waya wa ardhi ulio mzima. Katika shawa nyingi waya wa kupashia joto umo uchi ndani ya maji yenyewe. Pasipo waya wa ardhi, anayeoga huwa ndiye njia ya umeme kwenda chini. Wako mafundi wa mitaani wanaoukata waya huo na kuuacha ukining'inia, wakidai kwamba hauna kazi. Fundi wa namna hiyo afukuzwe mara moja. Yafaa pia kuongeza swichi ya usalama inayokata umeme mara unapovuja.

Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, hutoa vibali kwa mafundi wa nyaya, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuonyeshwa kibali kabla kazi haijaanza. Akaaye katika nyumba ya kambi, iwe Mbuya, Nsambya au Naguru, asiguse nyaya pasipo ruhusa ya wakuu, kwa maana kosa la chumba kimoja huweza kuteketeza safu nzima.

MAJI YASIYO NA NGUVU

Hita hii hutegemea msukumo wa maji. Yakija kama uzi, swichi haisukumwi. Au yakipita kidogo mno, hutoka yakiunguza. Penye tangi la akiba, liinuliwe juu ya shawa kwa urefu unaotajwa na kiwanda. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huhitaji hita iliyotengenezwa kwa ajili yake. Na umeme ukikatika, hakuna maji ya moto hata tone, ilhali tangi lingebaki na joto kwa saa kadhaa. Basi sigiri isitupwe bado.

Jamaa anayepanga kuhama na apange fedha zake kwa utaratibu huu: kwanza waya na fundi, kisha hita. Kama fedha zinatosha hita pekee, afadhali angoje mwezi mwingine na kuendelea na beseni. Maji ya baridi hutetemesha kwa dakika chache tu, lakini umeme uliofungwa vibaya haumpi mtu nafasi ya kujuta. Tahadhari kabla ya hatari.